Buni Kumi za Mwalimu Bartholomayo

Karatasi ya sabini na moja haikuwa na tarehe, na Saburi hakuwa mtu wa kuvumilia karatasi isiyo na tarehe. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Juu palikuwa na mstari mmoja wa mwandiko mzuri wa shule: *Je, Buberwa atarudisha jembe?* Chini yake: *Saba kwa tatu.* Na chini kabisa, kwa wino mwingine uliopauka: *Hakurudisha.*

"Mama Joviana," aliita, "huyu Buberwa ni nani?"

Mwanamke aliyekuwa akimenya ndizi nje ya mlango hakuinua kichwa. "Jirani. Yule mwenye mbwa mwekundu."

"Na jembe?"

"Jembe analo mpaka leo."

Saburi akacheka, kisha akajikanya. Alikuwa mtunza majalada katika ofisi ya boma, Bukoba, kwa miaka ishirini na miwili, na sheria aliyofundishwa siku ya kwanza ni kwamba mtunza majalada husoma namba, tarehe na jina, basi. Yaliyobaki ni ya wenyewe. Zimepita mikononi mwake kesi za mipaka, za talaka, za ng'ombe waliopotea, asijue mwisho wa hata moja. Mkewe Zabibu, kule Hamugembe, alikuwa akimtania kwamba ameolewa na mpishi anayefunga Ramadhani mwaka mzima. Saburi aliuchukulia utani ule kuwa sifa.

Lakini boma lilikuwa mbali, mwendo wa saa tatu kwa basi mpaka Muleba, alikokuwa akilala kwa Omary muuza nguo, na kutoka Muleba hadi Kishanda kwa baiskeli, nusu ya njia akiisukuma. Hapa hapakuwa na bwana mkubwa wa kukohoa nyuma yake. Palikuwa na sanduku la bati, mkeka, na karatasi za mtu aliyefariki miaka miwili iliyopita. Akaandika pembeni kwa penseli, *71, haina tarehe*, akachukua ya sabini na mbili, na hii aliisoma yote.

Sanduku lilikuwa la marehemu Mwalimu Bartholomayo, aliyefundisha hesabu shule ya Kilutheri kwa miaka thelathini. Mtu huyu, bila kumwambia yeyote, alikuwa akiandikiana barua na mtaalamu mmoja wa chuo kikuu huko Uingereza. Sasa, katika mwaka huu wa hamsini na nne, mtaalamu ameandika bomani kuomba karatasi zake zihifadhiwe. Barua ilimwita mwanafalsafa wa mambo yasiyo na hakika, na wa jinsi watu wanavyoamua. Pale Kishanda walimwita Mwalimu Ikumi, yaani Kumi, na walipomtaja walitabasamu kidogo. Saburi alitumwa azipange, azipe namba, azifikishe bandarini Alhamisi ijayo kabla ya meli kuondoka. Amri ilikuwa fupi: kila karatasi ipewe namba, na karatasi yenye namba haitoki.

Mjane alikubali kwa sharti moja. Yeye hakujua kusoma, ingawa alilala na mwalimu miaka ishirini na mitano. "Kabla hazijavuka maji," alisema siku ya kwanza, "nataka nisomewe ile ya siku aliponiuliza kuhusu hospitali. Najua aliandika. Hakuacha kuandika hata mbuzi akipiga chafya."

Sababu ya sharti hilo Saburi aliipata kwa Omary, maana Muleba hakuna jambo linalofichika. Mwalimu alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari wa misheni alimwambia anaweza kumpasua, lakini wengine hupona na wengine hawaponi. Mwalimu akaenda, akapasuliwa, siku ya tatu akafa. Ndugu yake, Rugaibula, alimsikia kwa masikio yake Joviana akimwambia mumewe nenda, na tangu mazishi alikuwa akisema kwamba mwanamke yule ndiye aliyempeleka ndugu yake kisuni. Joviana alikuwa na binti mmoja tu, aliyeolewa mbali. Mjane asiye na mtoto wa kiume hukaa kwenye kibanja, yaani nyumba na migomba yake, kwa hisani ya ukoo, na ukoo ungekaa Jumamosi kuamua kama hisani hiyo imekwisha. Migomba ile aliipanda kwa mikono yake, na alikuwa na siku nne.

Jumatano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saburi alifika amelowa mpaka mifupani, na Joviana akamletea kikapu kidogo chenye kifuniko. Ndani mlikuwa na akamwani, buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa, zile ambazo mgeni wa nyumba ya Kihaya hapewi neno lolote kabla hajapewa. Jana pia alipewa, na juzi. Akachukua mbili, akatafuna, ukali ukampanda puani, akarudi kazini akiwa mtu.

"Mama, nieleze hizi kumi."

Joviana alikaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, miguu ameikunja upande. "Alikuwa na wazimu wake. Ukija na jambo usilolijua mwisho wake, mtoto atapona, mvua itakuja, mchumba atakubali, anakupa buni kumi. Anakuambia, usiniambie kwa mdomo, mdomo una adabu nyingi. Weka upande huu za *itakuwa*, upande huu za *haitakuwa*. Unagawa. Anahesabu, anaandika. Halafu anangoja aone."

"Watu walikubali?"

"Walicheka, wakakubali. Wengine walizitafuna kabla ya kugawa." Akatabasamu, na Saburi akaona kwamba zamani alikuwa mwanamke wa kucheka sana. "Mchungaji alimwambia ni ramli. Akamjibu, mpiga ramli hufuta akikosea, mimi naandika."

Saburi alipoisikia hiyo, kitu kilimwasha ndani. Alisoma kama mtu aliyefunguliwa mlango wa ghala. *Je, senene watashuka kabla ya Jumapili? Je, daraja litahimili lori la kahawa? Je, Anatolia atajifungua mapacha?* Kila swali lilikuwa na mgawo wake, jina la aliyegawa, na chini yake mwisho wa jambo. Hiki ndicho alichokitamani mwaka baada ya mwaka bila kujua: karatasi zilizokuwa na mwisho. Mchana alisahau kula. Alinyoosha vidole kumi akavigawa kimoyomoyo kama mvua itakatika jioni, sita kwa nne, na mvua haikukatika, akaisukuma baiskeli hadi kwa Omary akifurahi kama mjinga.

Alhamisi alikutana na neno lililomtatiza. Mwisho wa karatasi nyingi mwalimu aliandika, *Ushahidi umo katika jani.* Saburi alitafuta jani sandukuni, hakuliona.

"Mama, mzee alikuwa anafunga buni zile baada ya kuhesabu?"

"Alizifunga kwenye majani makavu ya mgomba, akachomeka darini. Vifurushi vilijaa kule juu kama viota."

"Viko wapi?"

Joviana alimtazama, akatazama kikapu, akaziba mdomo kwa kiganja. "Uwiii, bwana karani!" alisema. "Mmevitafuna!"

Ikawa hivyo kweli. Msiba ulijaa watu arobaini, na mwenye nyumba asiye na akamwani ya kumpa mgeni ni bora asifungue mlango. Kahawa yake ya mwaka ule iliozea mitini kwa sababu alikuwa akimuuguza mume. Akapanda darini. Tangu siku ile kila aliyekuja kumpa pole alipokea ushahidi kiganjani, akautafuna na kuutema uani. Rugaibula peke yake, alisema Joviana, alitafuna mgawo wa darasa zima. Wakacheka mpaka machozi yakawatoka wote wawili, na ya Joviana yaliendelea baada ya kicheko kwisha.

"Vimebaki vingapi?"

"Cha mwisho nilikifungua jana, ulipokuja umelowa. Kilikuwa na mafundo mawili. Huna ulichobakiza."

Saburi hakukasirika. Idadi zote zilikuwa zimeandikwa, buni zilikuwa mashahidi tu. Hata hivyo aliona haya, maana katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kupoteza hata pini ya boma, na hapa amekula jalada.

Ili kujisafisha alifanya kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Alichora mistari kwenye karatasi, akaandika majina ya wagawaji, akahesabu ni nani aliyesema tisa na ikawa, nani aliyesema tisa na isiwe. Mchungaji alikosea nusu. Buberwa alikosea karibu zote, hasa zilizomhusu mwenyewe. Rugaibula kila jambo alilipa kumi, hakuwahi kuacha hata buni moja kwa ajili ya Mungu. Kisha akafika kwenye jina la Joviana, akahesabu, akahesabu tena. Mara arobaini na moja mikono yake ilitoa tisa. Mara thelathini na nane ikawa hivyo. Mwalimu naye alikwishaona, kwa kuwa pembeni mwa karatasi moja aliandika: *Mikono ya J. haina maneno mengi. Nimeacha kubishana nayo.*

"Ulikuwa unajuaje?" Saburi alimuuliza.

"Sijui kama nilikuwa najua. Mkono unaenda wenyewe. Ukiufikiria, unaharibika."

Karatasi aliyokuwa akiitafuta ilitokea Ijumaa mchana, ndani ya daftari la mazoezi, ya mwisho kabisa. Ilikuwa na tarehe, ilikuwa Jumatano. Saburi aliisoma kwanza kimya. Akamwita. Joviana alikuja akipangusa mikono kwenye kanga, akakaa karibu sana na karatasi, kana kwamba nayo ingeweza kumsikia.

Akamsomea polepole. "*Je, nitarudi kutoka hospitali? Nimempa Joviana buni kumi azigawe. Nimempa ili asibaki nje ya jambo hili. Mimi nilikwisha kuamua. Jumatatu nilitia sahihi yangu kwa daktari, na mtu yeyote asije akasema mke wangu alinituma. Buni zake nimezifunga kila upande na fundo lake, sikuzihesabu. Ushahidi umo katika jani.*"

Nje kuku alikuwa akiparua. Saburi alimngoja Joviana afurahi. Alikuwa ameshajiona Jumamosi akiisoma mbele ya wazee, sauti yake ikitua kwenye lile neno *Jumatatu*, na kibanja kikabaki kwa mwenyewe.

"Soma tena hapo mwishoni," Joviana alisema.

"*Buni zake nimezifunga kila upande na fundo lake, sikuzihesabu.*"

"Yeye? Hakuzihesabu?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Mwalimu alihesabu maharage kwenye sahani yake," Joviana alisema, kama mtu anayemtetea asiyekuwepo. Kisha akainuka akaenda kukoka moto, ingawa moto ulikuwa unawaka.

Saburi alidhani ni furaha iliyochelewa. Watu wengine furaha huwafikia wakati wageni wameshaondoka.

Jumamosi wazee watano wa ukoo walikaa mbele ya nyumba, kibuyu cha rubisi katikati yao, na Saburi akapewa kigoda pembeni kwa heshima ya boma na kwa kuwa Mwislamu hanywi. Rugaibula alisimama. Alikuwa mtu mrefu, aliyefanana sana na picha ya marehemu iliyotundikwa ndani, na aliposema sauti ilimkatika. Alimpenda ndugu yake, na mwenye uchungu hutafuta mahali pa kuutua.

"Nilisimama mlango huu huu," alisema. "Ndugu yangu akamuuliza, niende? Akamjibu, nenda. Sikuambiwa, nilisikia. Mke anayempenda mume hamwambii nenda kwenye kisu. Mwacheni akatae hapa mbele yenu."

"Sikatai, shemeji," Joviana alisema. Alikuwa ameketi chini upande wa wanawake, macho kwenye nyasi. "Nilisema nenda."

Mkubwa wa wazee, Byarugaba, mwenye jicho moja lenye ukungu, alimgeukia Saburi. "Karani, tumesikia una neno la marehemu."

Saburi alisimama akasoma. Alisoma mara moja kwa Kiswahili kama ilivyoandikwa, na mara ya pili kwa Kihaya, ili asije mtu akasema Kiswahili kimeficha kitu. Alipofika Jumatatu alitua kama alivyopanga. Wazee wakatazamana. Mmoja akahesabu kwa vidole: Jumatatu sahihi, Jumatano nenda. Neno la mwanamke lilikuta mtu ameshaondoka.

"Lete niuone," Rugaibula alisema. Alikuwa amesoma kwa ndugu yake mwenyewe, mwandiko aliujua. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akakaa chini bila kutazama kigoda kiko wapi, na nusura aanguke. "Alinificha," alisema. "Jumatatu tulikunywa pamoja."

"Aliwaficha wote," Byarugaba alisema. "Mtu mwenye kifo chake hana ndugu."

Lakini Rugaibula hakuwa mtu wa kuacha buni hata moja. Aliinua kichwa. "Na hizo alizogawa? Ziliangukia upande gani?"

Saburi alisogea mbele. "Hazijulikani, mzee," alisema. "Kifurushi chenye mafundo mawili kilikuwa cha mwisho darini. Nilipewa kama mgeni. Nilizitafuna mimi, Jumatano, wakati wa mvua."

Kwanza alicheka Byarugaba, akakohoa, akacheka tena, na kicheko kikawapitia wote mpaka wanawake kule nyuma. Boma limekula ushahidi! Wakataka kujua zilikuwa na ladha gani. Hata Rugaibula alipangusa uso akatoa kitu kama tabasamu. Kibuyu kikazunguka. Byarugaba akasema kwamba ukoo hauna neno, kibanja ni cha mke wa marehemu hadi siku zake ziishe, na karani aandike hivyo ili waweke vidole vyao.

Saburi alitafuta uso wa Joviana ampe pongezi, akaona nafasi yake iko wazi.

Alimkuta nyuma ya nyumba, pale migomba inapoanzia. Alikuwa ameshika mundu wa kupogolea, hapogoi.

"Mama, umesikia? Yamekwisha. Ni chako."

"Nimesikia. Mungu akubariki, ndugu yangu." Alisema kweli, na kwa mara ya kwanza hakumwita bwana karani. Kisha akauliza, "Katika zile karatasi zote, ziko nyingine ambazo hakuzihesabu?"

Saburi hakuhitaji kufikiri. Alikuwa amezisoma zote mia nne na kumi na mbili. "Hakuna. Ni hiyo moja."

Joviana alitikisa kichwa taratibu. "Alikuwa analia, unajua. Anauma kitambaa ili nisisikie. Siku ile akaniuliza kwa mdomo, niende? Rugaibula yupo mlangoni. Mtu anayeuma kitambaa utamwambia nini? Nikamwambia nenda. Nikajua kumi zipo. Nikajua akimaliza kuzihesabu ataelewa. Miaka yote alikuwa akiniambia mdomo una adabu nyingi." Aliuhamisha mundu mkono mwingine. "Miaka miwili nimelala nikisema, basi, aliona, akachagua mwenyewe. Nikapata usingizi kwa hilo."

Saburi alianza kuelewa, akatamani asielewe.

"Tisa," Joviana alisema. "Niliweka tisa upande wa kutorudi."

Kutoka mbele ya nyumba walisikika wakimwita karani alete wino. Saburi alifikiria sahihi ile, na vidole vya mwalimu vikifunga jani haraka, macho ameyapeleka pengine, mtu yule aliyehesabu kila kitu. Alifikiria pia nafasi tupu kwenye karatasi ya mwisho, na wazee waliokuwa bado wanacheka hatua thelathini kutoka hapo, na Rugaibula miongoni mwao.

"Niandike hizo tisa?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Kabla haijavuka maji. Au niiache?"

Joviana alimtazama kwa muda, usoni hana hasira, kama mtu aliyepewa kumi na kuambiwa agawe. Kisha akainama akaingia kwenye migomba. Majani makubwa yalifunguka, yakafunga nyuma yake, na Saburi akabaki akifuata kwa macho mahali yalipotikisika, mbali, mbali zaidi, hata asijue tena ni yeye anayepita au ni upepo.